Tuchague programu gani ya kupangia mtandao wa kusambaza umeme?

Swali: Shikamoo mhandisi. Nipo idara ya mipango katika shirika la umeme. Tunahudumia mikoa mitatu yenye fida 46 (njia za kusambaza umeme zinazotoka kituoni) za kilovoti 33 na kilovoti 11. Kwa miaka mingi tumepanga kwa Excel, pamoja na programu ya zamani ambayo leseni yake ipo kwenye kompyuta moja. Mwaka huu tumepata bajeti ya programu mpya. Wauzaji watatu wamekuja kutuonyesha bidhaa zao, na zote zinapendeza. Kijana mmoja wa idara anasema tusilipe hata senti, tuchukue OpenDSS, programu ya bure ya kukokotoa mitandao ya umeme. Meneja wetu anataka jina moja kabla ya robo hii kwisha. Tuchague ipi, na tuanzeje ili isije ikaishia kwenye droo? Na je, mafunzo ya siku tano yanatosha?

Jibu: Marahaba, mhandisi. Nimefurahi umeuliza kabla ya kusaini, maana wengi huniandikia mwaka mmoja baada ya kusaini.

Meneja wako anataka jina la programu. Mimi ningemtaka kwanza akupe jina la mtu. Siku mafundi wa laini watakapoing'oa transfoma ya kVA 100 kijiji hiki wakaifunga kijiji kile, nani atafungua ramani ya mtandao na kuihamisha kwenye kompyuta kabla ya wiki kwisha? Nani atamfuata mkandarasi na kumuuliza ni waya gani hasa alioufunga? Mkimpata mtu huyo, kazi hiyo ikaandikwa kwenye majukumu yake na akapimwa kwayo kwenye tathmini ya mwaka, basi huenda programu zote tatu mlizoonyeshwa zikawafaa, na kuchagua kati yake ni kazi ya miezi miwili au mitatu. Msipompata, hata iliyo bora kuliko zote itawapa majibu ya mtandao uliokuwepo siku ya uzinduzi.

Nasema hivi kwa yaliyonikuta. Shirika moja nililofanyia kazi lilinunua programu nzuri kwa fedha za mradi. Washauri walikaa nasi miezi kadhaa, wakajenga modeli (mtandao uliochorwa ndani ya kompyuta) ya fida zote, wakatuachia ripoti nene na kile kifaa kidogo cha leseni kinachochomekwa kwenye kompyuta. Mwaka wa kwanza tulijivunia sana. Mwaka wa tatu tuliomba fedha za kubadilisha waya wa fida moja kwa sababu modeli ilionyesha kwamba imezidiwa. Fedha zikatoka na nguzo zikaagizwa. Ndipo fundi mmoja wa siku nyingi akaniambia kwamba tawi kubwa la fida ile lilikuwa limeshahamishiwa kituo kingine cha kupoza umeme, mwaka mmoja na nusu nyuma. Kwenye modeli tawi lilikuwa palepale. Mhandisi aliyeitunza alikuwa amehamishwa, na kifaa cha leseni kilikuwa kwenye droo iliyofungwa. Yule fundi hakuwa ametuficha kitu. Alidhani tunajua.

Kwa hiyo unapouliza jinsi ya kuiepuka droo, ujue kwamba droo huanza kufunguka siku ile ya kwanza mtandao unapobadilika na kompyuta isibadilike.

Tupige hesabu kidogo, kwa sababu meneja atataka namba. Chukua fida ya kilovoti 33 inayokwenda wilayani, urefu kilomita 60, na kwa urahisi wa hesabu tuseme mzigo wote wa megawati 3 uko mwishoni, pawa fakta (sehemu ya umeme inayofanya kazi kweli) 0.9. Kama waya ni ule tunaouita Dog, wa milimita za mraba 100, ukinzani wake ni karibu omu 0.27 kwa kilomita, na volteji itashuka kwa karibu asilimia 7.5. Kama ni Rabbit, wa milimita za mraba 50, ukinzani unakuwa omu 0.54, na volteji inashuka kwa asilimia 12. Umeme unaopotea njiani kama joto unapanda kutoka karibu kilowati 170 hadi karibu kilowati 330. Fida ni ileile na mzigo ni uleule. Kilichobadilika ni neno moja kwenye jedwali. Ukiamini ni Dog, huenda ukaridhika na kurekebisha tapu za transfoma kituoni (hatua za kupandisha au kushusha volteji) na kufunga kirekebisha volteji kimoja njiani. Ukijua ni Rabbit, mazungumzo yanakuwa ya kubadilisha waya au kujenga kituo kipya, na hizo ni fedha za kiwango kingine kabisa.

Na kosa hili ni jepesi kulifanya kuliko watu wanavyodhani. Dog na Rabbit zote mbili zina nyuzi sita za alumini zilizozunguka chuma. Simama chini ya nguzo na darubini yako, hesabu nyuzi, utapata sita kote kuwili. Tofauti iko kwenye unene: Rabbit ina kipenyo cha milimita 10 hivi, Dog milimita 14, na kwa jicho la mtu aliye chini ya nguzo ya mita 11 tofauti hiyo si kitu. Nimewahi kukuta fida iliyoandikwa Dog mwanzo hadi mwisho, kumbe sehemu yote ya mbele ilijengwa kwa Rabbit, tena kihalali kabisa, kwa mujibu wa mkataba wake. Hakuna aliyeiba waya. Ni kwamba mchoro wa kazi iliyokamilika ulibaki kwenye faili la mradi na haukufika idara ya mipango. Tulipoutafuta ulipatikana kwa nusu saa.

Jambo la pili ni mzigo wa transfoma, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini, kwa sababu wauzaji wengi hawaijui hali yetu. Mashirika yenye mita janja hupata usomaji wa kila nusu saa au robo saa kwa kila mteja. Sisi Tanzania tuna LUKU, mita za kulipia kabla. LUKU inatuambia mteja amenunua uniti ngapi. Haituambii alizitumia lini. Mama ntilie ananunua uniti chache kila siku, jirani yake mwenye mshahara ananunua za miezi miwili kwa mpigo. Ukiyachukua mauzo ya mwezi mmoja ukayaita mzigo wa mwezi huo, unakuwa umechora tabia ya watu kununua umeme, na mipango yako itakufuata huko. Chukueni wastani wa miezi 12. Kisha mwende mkapime: fungeni vifaa vya kurekodi mkondo, zile loga ambazo mafundi wanazijua, kwenye transfoma chache kwa wiki moja moja. Moja iwe ya makazi ya mjini, moja ya sokoni, moja ya kijiji chenye mashine za kusaga, moja ya eneo la mabomba ya maji. Humo mtapata umbo la mzigo wa siku kwa kila aina ya wateja. Baada ya hapo, mzigo wa fida uliopimwa kituoni ugawanyeni kwa transfoma kufuatana na nishati iliyouzwa kwenye kila moja. Programu karibu zote zinaweza pia kuugawa kufuatana na ukubwa wa transfoma, na ndiyo njia ya mkato ambayo watu huichukua. Vijijini njia hiyo inadanganya. Transfoma ya kVA 200 iliyofungwa ikisubiri wateja inaweza kuwa na mzigo wa kVA 30, huku ya kVA 50 iliyo karibu na stendi inachemka kila jioni.

Ili hayo yawezekane, kila mita lazima iwe imeunganishwa na transfoma yake kwenye kumbukumbu. Fanyeni zoezi dogo leo hii: chagueni mita mia moja kwa kubahatisha, muone ni ngapi mnaweza kusema bila kwenda kuangalia kwamba zinalishwa na transfoma fulani. Jibu likiwa chini ya themanini, sehemu nzuri ya hiyo bajeti iende kwenye mafuta ya gari, posho na simu za kuchukulia viwianishi (namba za mahali kwenye ramani). Najua kipengele hicho hakipendezi kwenye wasilisho la bodi. Kitetee hivyohivyo.

Tena msiishie kwenye transfoma. Kenya ilipoanza mpango wa Last Mile mwaka 2015, walengwa walikuwa kaya na biashara zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Hapa kwetu kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini nayo imeongeza matawi na wateja kwa kasi ambayo wahandisi wa zamani hawakuizoea. Wateja wakiongezwa namna hiyo, waya wa umeme mdogo, ule unaotoka kwenye transfoma kwenda kwa wateja, unarefuka, na malalamiko ya taa kufifia saa mbili usiku yanatoka huko. Modeli inayokatika kwenye transfoma itakuambia kila kitu ni salama. Si lazima kuchora umeme mdogo wa fida zote 46 mwaka huu. Ila programu mtakayochukua iwe na uwezo huo, maana siku mtakapoulizwa kuhusu paa zenye sola, majiko ya umeme au vituo vya kuchajia bodaboda za umeme, swali litakuwa la upande huo wa transfoma.

Sasa tuje kwenye programu zenyewe. Majina mtakayokutana nayo ni CYME ya Eaton, Synergi Electric ya DNV, PowerFactory ya DIgSILENT kutoka Ujerumani, ETAP kutoka Marekani, NEPLAN kutoka Uswisi na PSS SINCAL ya Siemens. Zote zinajua kukokotoa mtiririko wa umeme na mkondo wa hitilafu, na zote zimekomaa. Onyesho la muuzaji halitawatenganishia, kwa sababu muuzaji anakuja na mtandao aliousafisha mwenyewe. Nyinyi chagueni fida yenu moja yenye matatizo, ile ambayo meneja wa wilaya hupigiwa simu kila wiki. Mpeni kila muuzaji data yake ileile, chafu kama ilivyo: mafaili ya ramani yenye mistari isiyogusana, orodha ya transfoma yenye majina yanayojirudia, rekodi za ampea za kituoni zilizoandikwa kwa mkono. Mwambieni alete mtaalamu wake akae nanyi siku tatu, na anayeshika kipanya awe mhandisi wenu. Siku ya kwanza ndiyo itakayowafundisha zaidi. Mtaona ni programu ipi inayowaonyesha kwa uwazi mahali ambapo mistari imekatika, na ipi inayokataa kufungua faili na kunyamaza.

Katika siku hizo tatu kuna mambo ambayo mimi ningeyakagua mwenyewe. La kwanza ni fezi. Matawi mengi ya vijijini ni ya nyaya mbili badala ya tatu, na mzigo wa fezi haulingani hata kidogo. Programu zilizoanzia kwenye njia kuu za usafirishaji zina mazoea ya kudhani fezi zote tatu zina mzigo sawa, na ukikokotoa hivyo fezi moja inaweza kuwa hoi huku jibu linasema mambo shwari. Ulizeni kama kukokotoa kila fezi peke yake kumo ndani ya bei mliyopewa au ni moduli ya kununua pembeni. Pateni jibu kwa maandishi.

La pili ni maktaba ya vifaa. Maktaba iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani ina riaktansi (ukinzani wa waya unaotegemea hezi za umeme) za hezi 60. Sisi tuko hezi 50, kwa hiyo ukizichukua kama zilivyo unazidisha riaktansi kwa asilimia 20. Mitandao yao ya msongo wa kati nayo mara nyingi ina waya wa nne wa nyutro uliotiwa ardhini njia nzima, wakati fida zetu za kilovoti 33 ni za nyaya tatu. Hili haliondoi sifa ya programu ya Marekani. Linataka mtu akae siku mbili aandike maktaba yenu: waya zenu, nguzo zenu na umbali kati ya waya na waya, transfoma zenu.

La tatu mtalipata kwa kuuliza habari za saa nane usiku. Fida ndefu ya kilovoti 33 inazalisha yenyewe karibu kilovari 3 (kipimo cha umeme usiofanya kazi, ambao hupandisha volteji) kwa kila kilomita. Fida yenye kilomita 300 ukijumlisha matawi yote, na ziko nyingi za namna hiyo, ina karibu megavari 1 isiyo na wa kuitumia usiku watu wamelala, na volteji ya mwisho wa laini inaweza kuwa juu kuliko ya kituoni. Mafundi wanaolijua hili ni wale walioona balbu zikiungua alfajiri. Mwombe mtaalamu wa muuzaji aendeshe fida yenu kwa mzigo wa saa nane usiku. Kama volteji ya mwisho haipandi hata kidogo, kuna mtu ameiacha kapasitansi ya laini, yaani hizo kilovari inazozalisha yenyewe, nje ya modeli.

Mkitaka kuhakiki hesabu bila kumtegemea muuzaji, zipo fida za majaribio za IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, ambazo majibu yake yanajulikana na yanapatikana bure. Ile yenye nodi 34 naipenda kwa ajili ya watu wa mitandao kama yetu. Imetokana na fida halisi ya Arizona, ya kilovoti 24.9, ndefu, yenye mzigo mdogo, fezi zisizolingana na virekebisha volteji viwili njiani. Utadhani ni ya mkoani. Mpe mtaalamu wa muuzaji aiingize mbele yenu. Kwa jinsi anavyohangaika au asivyohangaika mtajua kama huyu ndiye mtakayempigia simu mkikwama.

Kisha linganisheni na hali halisi. Fungeni loga mwisho wa ile fida yenu mbaya kwa wiki moja, mpate volteji iliyopimwa saa moja usiku na saa nane usiku, mkaiweke kando ya jibu la programu. Mwanzo zitatofautiana, msiogope. Mkifuatilia tofauti hiyo mtaikuta mara nyingi kwenye data: waya usio wake, kapasita iliyokufa miaka miwili iliyopita, swichi iliyoandikwa wazi kumbe imefungwa. Kuitafuta tofauti hiyo mpaka mkaipata ndiko kujifunza programu.

Kuhusu kijana wenu na OpenDSS: asinyamazishwe. OpenDSS ilianza kuandikwa mwaka 1997, na EPRI, taasisi ya utafiti wa umeme ya Marekani, ikaifungua kwa umma mwaka 2008. Si kitu cha kuchezea. Inakokotoa kila fezi peke yake, inaweza kupita saa zote 8,760 za mwaka moja baada ya nyingine, na mtu anayejua Python, lugha ya kuandikia programu, anaweza kuiendesha kwenye fida zote 46 usiku mmoja mkiwa mmelala. Ukiiweka pamoja na QGIS, programu ya bure ya ramani, unapata ramani na hesabu bila kulipa leseni. Isichokuwa nacho ni dawati la kuwasaidia mkikwama, maktaba iliyopangwa, na kurasa za kubofya zilizokamilika kwa wasioandika skripti. Leo mnaye mtu mmoja anayeandika. Akipata kazi kwingine mtabaki na folda iliyojaa mafaili ambayo hakuna anayethubutu kuyagusa, na hiyo ni droo nyingine tu.

Maoni yangu, kwa shirika la ukubwa wenu: nunueni programu moja ya biashara, leseni chache zinazoshirikiwa kupitia mtandao wa ofisi, kwa ajili ya kazi ya kila siku na upangaji wa kinga (vifaa vinavyokata umeme hitilafu ikitokea). Kijana huyo mpeni nafasi rasmi ya kuendesha OpenDSS pembeni kwa kuhakiki na kwa hesabu nyingi za pamoja, na mpeni mwenzake mmoja wa kumfundisha, iwe sehemu ya kazi yake na si hisani. Bajeti ikikatwa nusu, na bajeti hukatwa, achaneni na programu ya biashara, mchukue OpenDSS na fedha zilizobaki mzipeleke uwandani kukusanya data. Kati ya programu ghali yenye data mbovu na ya bure yenye data nzuri, sitasita hata dakika moja.

Kwenye zabuni, msinakili sifa kutoka kwenye kijarida cha muuzaji mmoja. Mbali na haki kwa washindani, mtajikuta mmeomba vitu ambavyo hamtavitumia. Andikeni kazi mnazotaka zifanyike: kugawa mzigo kwa nishati iliyouzwa, kukokotoa fezi zisizolingana, kusoma ramani yenu ya kidijitali (GIS) na kurudisha mabadiliko humo, kulinganisha gharama za mapendekezo mawili kwa miaka kumi. Jaribio la siku tatu kwenye fida yenu liwe na alama zake ndani ya tathmini, liandikwe tangu mwanzo kwenye nyaraka zinazopandishwa NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, maana baadaye huwezi kuliongeza. Ulizeni ada ya mwaka ya matunzo ni kiasi gani na kwa sarafu gani, ikiwa ni dola itapandaje shilingi ikishuka, na mkishindwa kuilipa mwaka mmoja programu itaendelea kufungua mafaili yenu au itajifunga.

Na data iwe mali yenu kwa maandishi. Iweze kutolewa yote, wakati wowote, bila kumlipa mtu, katika muundo wa wazi unaosomeka na programu nyingine. Kuna viwango vya IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, ile familia ya CIM ya kubadilishana data kati ya programu, ambavyo vipo kwa kazi hiyo. Uganda mkataba wa miaka 20 wa kampuni iitwayo Umeme ulipokwisha tarehe 31 Machi 2025, sehemu kubwa ya mtandao wa kusambaza umeme wa nchi hiyo ilikabidhiwa UEDCL, kampuni ya serikali. Mtandao wa umeme unaweza kubadilisha mwendeshaji, sembuse programu. Jiulizeni kama siku hiyo ikifika kwenu mtakabidhi modeli inayofunguka au nywila ya mtu aliyestaafu.

Kuanza, anzeni na mkoa mmoja, na ndani yake fida tano au sita. Endesheni mzunguko mmoja wa mipango kwa Excel na programu mpya kwa pamoja. Itachosha, na vijana watalalamika kwamba wanafanya kazi mara mbili, lakini hapo ndipo wakubwa wa idara wanapoanza kuiamini. Tangazeni mapema tarehe ambayo Excel itastaafu. Mkandarasi yeyote asilipwe fedha zake za mwisho zilizozuiliwa mpaka alete data ya alichojenga katika jedwali mlilompa: aina ya waya, viwianishi vya kila nguzo, namba na ukubwa wa transfoma, fezi ya kila tawi. Hilo liwe kipengele cha mkataba, kwa sababu ombi la heshima halitatosha.

Kwa mafundi wa laini nendeni taratibu na kwa adabu. Hao ndio wanaoujua mtandao, na wamezoea kuona karatasi zao zikipotea ofisini. Wapeni fomu fupi ya simu: nimebadilisha nini, wapi, picha moja. Kisha warudishieni kitu. Tulipoanza kumtumia fundi ramani mpya yenye badiliko lake mwenyewe ndani ya wiki ileile, taarifa zilianza kuja bila kuzidai.

Upande wa juu lipo sharti moja ambalo meneja wako peke yake ndiye anayeweza kuliweka, nami ningemwomba alitie saini kabla hata ya zabuni: fida ambayo haimo kwenye modeli, au ambayo modeli yake haijahakikiwa kwa vipimo ndani ya mwaka, haiombewi fedha za kuimarishwa. Mameneja wa mikoa watanung'unika robo ya kwanza. Robo ya pili watakuwa wanakupigia simu kuuliza lini mtakuja kupima kwao.

Umeuliza kuhusu siku tano. Siku tano zinatosha kujua vitufe viko wapi, na nusu yake itasahaulika baada ya mwezi. Zikataeni zikiwa za mfululizo hotelini. Ombeni siku tatu mwanzoni, siku tatu baada ya miezi miwili mkiwa na maswali yenu wenyewe, na tatu nyingine mkikaribia kuandaa bajeti ya mwaka, zote ofisini kwenu, kwenye fida zenu. Waingie watu wanne angalau: wawili wa mipango, mmoja wa kinga, mmoja wa ramani. Na tengeni nusu siku ya kukaa na mafundi wa kila mkoa, kwa Kiswahili, kuwaonyesha fida yao inavyoonekana kwenye skrini na kuwauliza wapi imekosewa. Nendeni na daftari kubwa.

Ile fida moja mbaya ichagueni mwezi huu, na loga ziwe zimefungwa kabla mvua hazijaanza. Barabara za kule mwisho wa laini unazijua.